Delfinia zangu zilichanua mwaka mmoja tu kisha zikapotea: nimekosea wapi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mwaka jana nilinunua miche mitatu ya delfinia, ile mirefu ya bluu, nikaipanda kwenye kona tambarare ya bustani yenye udongo wa mfinyanzi. Ilichanua vizuri ajabu, lakini mvua moja yenye upepo ililaza masuke mawili. Mwaka huu umechipua mmoja tu, nao una vichipukizi vingi vyembamba na majani ya juu yamejikunja. Nilijaribu na mbegu: nilipanda 40 za pakiti iliyokaa kabatini tangu mwaka juzi, trei nikaiweka juu ya friji palipo na joto. Zimeota 3. Nimekosea wapi? Au ua hili si la watu wa kawaida?

Jibu: Ni la watu wa kawaida kabisa, ila kuna mambo mawili halivumilii: maji yanayotuama kwenye kitako, na joto. Karibu kila ulichoeleza kinarudi hapo.

Kitako ni ile sehemu nene na ngumu iliyo usawa wa udongo, mizizi inapoishia na machipukizi yanapoanzia. Delfinia ya kudumu hukauka yote juu ya ardhi majira ya baridi, na uhai wake hubaki kwenye kitako hicho na macho yake, yaani vile vidutu ambako machipukizi hutokea. Kikioza, au macho yakiliwa, mara nyingi hakuna kitakachochipua hata kama mizizi ni mizima. Kwa hiyo kabla hujanunua mche mwingine, nenda ukafukue pale ilipokuwa ile miwili iliyopotea.

Fukua kwa mkono, taratibu, upana wa sahani. Ukikuta kitako kimekuwa laini, cha kahawia, kinabonyea kwa kidole na kinanuka, kiliozeshwa na maji. Ukikuta nyuzi nyeupe zimetanda kama feni kwenye udongo na kitako, pamoja na vipunje vya mviringo vya rangi ya kahawia vinavyofanana na mbegu za haradali, huo ni ugonjwa wa kuvu (Sclerotium rolfsii), na hapo habari ni nyingine: vile vipunje hukaa hai ardhini miaka mingi. Ondoa mabaki yote na udongo wa kuzunguka hadi sentimita 20 kwenda chini, utupe mbali na bustani, na usipande delfinia mahali hapo tena. Lakini ukikuta kitako ni kigumu, cheupe ndani ukikikwaruza kwa kucha, na juu yake kuna vishimo vilivyotafunwa na utelezi uliokauka unaong'aa, basi mmea wako haukufa kwa maji. Umeliwa. Koa na konokono hutafuna macho ya delfinia chini ya uso wa udongo, hata kabla chipukizi halijaonekana, na mwenye bustani hubaki akisubiri kitu kilichokwisha kuliwa wiki tatu nyuma. Kitako cha namna hiyo kirudishie udongo kidogo na ukilinde. Mara nyingine hutoa macho mapya.

Kwa udongo wa mfinyanzi mahali tambarare, mimi ningeanza kwa kushuku maji.

Una delfinia ya aina gani?

Hili linabadilisha matarajio, kwa hiyo angalia kibandiko cha mche kama bado unacho. Ile mirefu ya mita 1.5 hadi 2, yenye suke moja nene lililojaa maua, ni ya kundi la Elatum. Ikitunzwa vizuri kwenye eneo la baridi, huishi miaka mingi. Kundi la Belladonna ni fupi zaidi, kama mita 1 hadi 1.2, lina matawi na masuke mepesi yenye maua yaliyoachana. Haina makuu, na upepo hauisumbui sana. Delphinium grandiflorum ni kijimmea cha sentimita 30 hadi 50 tu, chenye maua ya bluu kali, na huwa hakidumu zaidi ya msimu mmoja au miwili.

Halafu kuna Pacific Giant, aina iliyozalishwa California na kuenezwa kwa mbegu, na hii ndiyo miche mingi ya bluu inayouzwa. Ni mizuri mno mwaka wa kwanza, lakini kwa asili yake huchoka haraka. Wengi huihesabu kama mmea wa mwaka mmoja au miwili. Ikiwa yako ni hiyo, sehemu ya hasara uliyoipata si kosa lako. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni Belladonna. Suke lake halina ule ukubwa wa kutisha, lakini utalala usingizi mvua ikinyesha.

Na kama unapoishi hakuna miezi ya baridi kabisa, usipoteze nguvu kuilazimisha kudumu. Panda mbegu joto linapoanza kupungua, ikue kwenye miezi ya ubaridi, ichanue, uing'oe. Delfinia inayoishi kwenye usiku wa joto mfululizo hudhoofika, maua hudondoka mapema, na kitako huoza kwa urahisi zaidi.

Mahali na shimo

Delfinia inataka jua la saa 6 au zaidi kwa siku, na mahali penye joto kali jua la asubuhi lenye kivuli chepesi mchana ndilo bora. Inataka kinga ya upepo, lakini si ukuta unaoigusa: ukuta hukinga mvua, hufanya mizizi kukauka, na hewa ikisimama hapo ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu unaoacha unga mweupe kwenye majani, hauchelewi.

Kabla ya kupanda, pima jinsi maji yanavyopita. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena na uangalie saa. Maji yakishuka sentimita 2.5 au zaidi kwa saa, mahali panafaa. Yakikaa nusu siku, usijidanganye kwa kumwaga mchanga ndani ya shimo la mfinyanzi, kwani utakuwa umetengeneza bakuli la kukusanyia maji. Inua tuta. Sentimita 20 hadi 30 juu ya usawa wa bustani, la udongo uliochanganywa na mboji iliyoiva na kokoto ndogo au mchanga wa chembe kubwa, linatosha kabisa. Kwako wewe naona ndilo jibu.

Shimo la mche mmoja liwe upana na kina cha kama sentimita 40. Changanya udongo wake na ndoo moja ya lita 10 ya mboji au samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi ikigusa kitako hukichoma na kukiozesha. Udongo usiwe wenye tindikali: pH ya 6.5 hadi 7.5 ndiyo inayopendeza, na kama kipimo kinaonyesha chini ya 6, tia chokaa ya kilimo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mfuko wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Sasa lile ambalo wengi hulikosea: kina. Kitako kikae usawa wa uso wa udongo, na kwenye udongo mzito kikae juu kidogo, kama sentimita moja. Usikifukie. Mche ukiwa umetoka kwenye chungu, ule uso wa udongo wa chungu ndio alama yako. Matandazo nayo yaache nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka mashina. Ukiyarundika hadi yaguse kitako, umewajengea koa nyumba na kukivalisha kitako blanketi bichi. Aina ndefu ipandwe kwa nafasi ya sentimita 60 hadi 90, Belladonna 45 hadi 60, na zile fupi 30.

Vichipukizi vingi vyembamba

Hivi havitokani na ugonjwa. Mmea unaoanza mwaka wake wa pili hutoa machipukizi mengi kuliko unavyoweza kulisha, na usipoyapunguza unapata msitu wa mashina membamba yenye vijisuke vidogo, majani yakibanana na hewa isipite. Yakifika urefu wa sentimita 10 hadi 15, chagua yale manene na yaliyoachana, mengine uyakate chini kabisa kwa kisu chenye makali. Mmea wa mwaka wa kwanza au wa pili ubakizie 2 au 3. Mkubwa wa miaka mitatu na kuendelea unaweza kubeba 5 hadi 7. Mkono utasita, najua, lakini suke nene la mwezi ujao linatokana na kisu cha leo.

Usitupe yale uliyoyakata bila kuyaangalia chini. Kama umekata pamoja na kipande kidogo cha kitako na sehemu ya chini ya chipukizi haina tundu, hicho ni kipando. Shina la delfinia lina uwazi ndani kama mwanzi, na likishafunguka hivyo haliwezi kutoa mizizi, ndiyo maana vipando huchukuliwa mapema, yakiwa na sentimita 7 hadi 10. Vichomeke kwenye mchanga wa chembe kubwa au palaiti (zile chembe nyeupe nyepesi za kuoteshea) yenye unyevu, mahali penye mwanga bila jua la moja kwa moja, pasipo joto kali. Hutoa mizizi kwa wiki 3 hadi 6. Hii ndiyo njia ya kupata mmea unaofanana kabisa na mama yake. Mbegu za aina chotara hazirudishi rangi ileile.

Majani yaliyojikunja

Hapa nahitaji macho yako, kwa sababu kuna washukiwa watatu na tiba zao hazifanani.

Geuza jani lililojikunja. Ukiona vijidudu laini vimejipanga, utelezi unaonata na pengine sisimizi wakipanda na kushuka, hao ni vidukari. Wapige kwa maji ya mpira, kisha nyunyiza maji ya sabuni laini ya maji, mililita 5 kwa lita moja, ukilenga chini ya majani, jioni. Rudia baada ya siku nne au tano.

Ukiona majani ya kilele yameshonwa pamoja kwa utando na ndani kuna kiwavi cha kijani na vinyesi vyeusi, huyo ni kiwavi wa nondo wa delfinia. Mfinye kwa vidole. Hakuna dawa inayomshinda kidole.

Mshukiwa wa tatu ndiye anayeniogopesha. Kama majani machanga ni mazito kuliko kawaida, yanavunjika kwa urahisi, yamejipinda na kuwa na weusi kama yameunguzwa, na vitumba vinageuka vyeusi bila kufunguka, huyo ni utitiri wa saiklameni, kijidudu cha jamii ya kupe. Urefu wake ni kama robo ya milimita tu, humwoni kwa macho matupu, hukaa ndani ya kilele kilichojifunga, na dawa za nyumbani hazimfikii. Mmea huo ng'oa wote, weka kwenye mfuko, funga, tupa. Usiuweke kwenye lundo la mboji. Osha mikono na kisu kwa sabuni kabla ya kugusa mmea mwingine, maana husafiri kwa mikono na nguo za mwenye bustani. Anashambulia pia stroberi, krisanthemamu na saiklameni, kwa hiyo usizichanganye na delfinia kwenye tuta moja.

Tofauti kubwa kati ya vidukari na utitiri ni hii: jani lililokunjwa na vidukari bado ni laini na la kijani, la utitiri ni gumu na limeungua. Using'oe kabla hujaligusa.

Kusimamisha masuke

Ua moja la delfinia ni kikombe. Suke la Elatum lina makumi ya vikombe hivyo vilivyosongamana juu ya shina lenye tundu ndani, na mvua ikivijaza, uzito wote unakuwa juu. Upepo ukija, shina halivunjiki popote tu. Huvunjika ama chini kabisa kwenye kitako, ama pale fundo la mwisho la kamba lilipolikaba.

Simika fito mapema, mmea ukiwa na sentimita 30 tu, usisubiri suke lijitokeze. Tumia mianzi mitatu au minne ya urefu wa kama mita 1.8, uikite sentimita 40 ardhini, kuzunguka mmea na mbali kidogo na kitako usije ukakitoboa. Zungusha kamba laini ya katani kwenye mianzi hiyo kwa urefu wa sentimita 30, halafu 60, halafu 100, na kila mzunguko upitishe kamba nyingine katikati ya mashina ili kila moja liwe na chumba chake. Mashina yayumbe kidogo ndani ya zizi hilo. Fundo la juu kabisa liishie chini ya ua la kwanza. Lile suke lenyewe usilifunge kwenye mwanzi, kwani likinyimwa nafasi ya kuyumba hukatika hapo hapo kwenye fundo. Na ncha za mianzi zivike kizibo au kipande cha mpira. Ukiinama kupalilia ziko usawa wa jicho.

Mvua ikishapita, shika shina chini ya suke, ulitikise taratibu kumwaga maji. Dakika moja tu kwa mmea.

Maji na mbolea

Mizizi inataka unyevu wa kudumu huku kitako kikiwa kikavu, na hilo linawezekana ukimwagilia kwa wingi mara chache badala ya kidogo kidogo kila siku. Kadiria milimita 25 kwa wiki, mvua ikiwemo, ambayo ni lita 25 kwa mita mraba. Mmea wenye nafasi ya sentimita 60 kwa 60 unahitaji basi lita 9 hivi kwa wiki, ukizigawa mara mbili wakati wa jua kali. Mwagilia asubuhi, chini, pembeni ya kitako. Maji yanayorushwa juu ya majani ndiyo yanayosambaza doa jeusi, ugonjwa wa bakteria unaoacha madoa yanayong'aa kama lami kuanzia majani ya chini. Majani yenye doa hilo yachume, uyaondoe bustanini, na ubadilishe namna ya kumwagilia. Hakuna dawa itakayofanya kazi zaidi ya hiyo.

Delfinia inakula sana. Machipukizi yanapotoka, tia mbolea ya NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye uwiano sawa, gramu 50 hadi 70 kwa mita mraba, kwenye duara la pembeni, uifukie kidogo na kumwagilia. Vitumba vikianza kuonekana, badilisha uende kwenye mbolea ya maji yenye potasiamu nyingi, ile inayotumiwa kwenye nyanya, kila baada ya wiki mbili. Usiongeze naitrojeni kwa tamaa ya majani makubwa: utapata shina refu, laini, linaloanguka hata bila upepo, na majani mororo ambayo vidukari na kuvu huyapenda.

Ubwiri unga huja mwishoni mwa msimu, mizizi ikiwa mikavu na hewa ikiwa imesimama. Salfa husaidia ikinyunyizwa dalili za kwanza zikionekana, lakini si kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, itaunguza majani. Kama maua yamekwisha, usihangaike na dawa. Kata mashina, majani mapya yatatoka safi.

Baada ya kuchanua

Maua ya chini yakinyauka na ya juu yakiwa karibu kwisha, kata suke tu, ukiacha vijisuke vya pembeni vilivyo chini yake vichanue. Navyo vikimaliza, angalia chini: ukiona machipukizi mapya kwenye kitako, kata mashina ya zamani karibu na udongo. Ukiacha visiki virefu vyenye tundu, mvua itavijaza na kuteremsha maji moja kwa moja kwenye kitako. Pengine ndivyo miwili yako ilivyokufa, usishangae. Baada ya kukata, tia mbolea kidogo na maji. Mmea wenye nguvu huchanua tena baada ya wiki 6 hadi 8, kwa masuke mafupi zaidi. Mche mchanga au dhaifu usiudai duru ya pili. Kata suke linapojaribu kutoka ili nguvu zirudi chini.

Majani yakikauka kwa baridi, safisha kila kitu, halafu mwagia juu ya kitako mchanga wa chembe kubwa, unene wa sentimita 2 au 3. Hauzuii chipukizi wala haushiki maji, na koa hawapendi kuupita. Majivu nayo watu huyatumia, lakini yakilowa tu hayana kazi. Machipukizi yanapoanza kutoka, toka na tochi usiku wa unyevunyevu, waokote. Vidonge vya fosfeti ya chuma ni salama zaidi kwa wanyama wa nyumbani kuliko vile vya metaldehidi, ukitaka kutumia dawa.

Mbegu 40, miche 3

Makosa yalikuwa mawili, na lolote kati yake lingetosha. Mbegu ya delfinia huzeeka haraka ikikaa kwenye joto la chumba, na baada ya miaka miwili kabatini nyingi zimekwisha kufa. Za kubaki zifungie kwenye chupa isiyopitisha unyevu, uziweke ndani ya friji, si juu yake. Humo hudumu miaka kadhaa. Kosa la pili ni ile sehemu ya joto uliyoichagua kwa nia njema. Mbegu hii huota vizuri kati ya nyuzi 12 na 18. Ikizidi 24, hata mbegu nzima hugoma.

Safari hii fanya hivi. Tandaza mbegu mpya kwenye karatasi ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikunje, itie kwenye mfuko wa plastiki, iweke sehemu ya chini ya friji kwa siku 7 hadi 14. Baada ya siku 8 fungua kila siku uangalie. Ukiona ncha nyeupe ya mzizi, mbegu hiyo ipande mara moja kwa kibano, kabla mzizi haujapita milimita 3, maana ukikatika basi. Zisizoonyesha ncha zipande zote siku ya 14. Trei iwe na udongo wa mbegu uliochekechwa na mchanga kidogo. Funika kwa tabaka la milimita 3, nyunyiza maji kwa upole, funika trei kwa kitu kisichopitisha mwanga, na itafute chumba chenye ubaridi kuliko vyote nyumbani. Tazama kila siku. Kichwa cha kwanza kikichungulia, ondoa kifuniko na uipe trei mwanga mwingi. Nyingi huwa zimetoka ndani ya wiki 2 hadi 4.

Majani mawili ya mwanzo si ya kweli. Ni mviringo, laini. Jani la kwanza lenye mikato kama ya vidole likitoka, na la pili likifuata, hamishia kila mche kwenye chungu cha sentimita 8, ukiushika kwa jani, si kwa shina. Mwagilia kwa kuweka chungu kwenye sahani ya maji, halafu uutoe. Kuvu wa kuangusha miche hupenda uso wa udongo uliolowa muda wote. Pandikiza nje mizizi ikifika pembeni ya chungu, baada ya kuuzoesha mche hewa ya nje kwa siku 7 hadi 10.

Tahadhari

Delfinia ni sumu, sehemu zote, na mbegu pamoja na machipukizi machanga ndiyo makali zaidi. Alkaloidi zake, yaani kemikali za sumu zilizomo ndani yake, hulegeza misuli, ile ya kupumulia ikiwemo. Jamii zake za porini huua ng'ombe kila mwaka kwenye malisho ya magharibi mwa Marekani. Vaa glavu unapokata, nawa mikono, pakiti ya mbegu isikae mtoto anapofikia, na mabaki usiwape mbuzi wala sungura. Mtu akila, asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali haraka pamoja na kipande cha mmea.

Kwa ule mmoja uliobaki

Kama umeligusa jani na si utitiri, usiuhamishe sasa hivi ukiwa unakua. Fukua udongo ulioegemea kitako mpaka kionekane, weka mchanga wa chembe kubwa mahali pake, punguza machipukizi yabaki matatu, na uchimbe kijifereji cha kupeleka maji mbali. Tuta la juu liandae polepole. Mmea uuhamishie huko mwanzoni mwa majira ya kuchipua yajayo, macho yakiwa bado mafupi kama ukucha, na hapo ndipo pia unaweza kukigawa kitako vipande viwili, kila kimoja kikiwa na macho na mizizi yake, ukitupa katikati palipogeuka mti mkavu.

Suke likichanua mwaka huu, litazame kwa karibu kabla hujalikata. Yale majani matano ya bluu si petali bali sepali, yaani majani ya nje yanayofunika kitumba. Petali halisi ni vile vidogo vya katikati, vyeupe, vya kahawia au vyeusi, ambavyo wapenzi wa delfinia huviita nyuki. Nyuma kuna kijipembe kinachobeba nekta, na kitumba kabla hakijafunguka kinafanana na pomboo anayeruka, ambako ndiko Wagiriki walikotoa jina. Likate theluthi moja ya maua ya chini ikiwa imefunguka, asubuhi, uliweke kwenye maji mengi safi, na liwe mbali na bakuli la matunda: gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda yanayoiva huangusha maua yote mezani kwa siku moja.